Sugu ya Kiganja na Usugu wa Vimelea

Nililisikia swali hili kwanza nikiwa mwanafunzi wa dawati la nyuma, na miaka baadaye nikaulizwa mwenyewe nikiwa na chaki mkononi: "Mwalimu, kama watu waligeuka kutoka nyani, mbona nyani wa leo hawageuki?" Darasa hucheka. Mwalimu aliyechoka hujibu kwamba hayo ni ya mtihani, andika upate alama zako. Mimi naona mtoto huyo amelielewa neno vizuri kabisa, kama alivyolikuta nyumbani. Katika hadithi za bibi, mtu akigeuka fisi hugeuka usiku mmoja, mwili mzima, na asubuhi nyayo zinaonekana mlangoni. Kugeuka ni jambo la mmoja, tena la ghafla. Ukishasema "aligeuka", picha hiyo imekwisha kuingia, na maelezo ya maelfu ya vizazi huja yamechelewa.

Nyani naye amesingiziwa. Lugha yetu ina nyani, tumbili, kima, mbega, ngedere na sokwe, na mkulima aliyewahi kulinda mahindi hawachanganyi. Sayansi haisemi kwamba tulizaliwa na huyu nyani anayevamia shamba. Inasema sisi na sokwe tuna wahenga wamoja, waliokwisha kutoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Sokwe wa Gombe, kule Kigoma, ambao Jane Goodall alianza kuwafuatilia mwaka 1960 na akawaona wakichomeka vijiti vya nyasi kwenye kichuguu ili kuvua mchwa, ni binamu zetu. Neno binamu tunalo, na kila mtoto analijua. Binamu yako hakukuzaa, na hakuna anayemngojea ageuke kuwa wewe.

Vitabu vingine huandika mageuzi, vingine mageuko. Kugeuza kunataka mtendaji, ndiyo maana mageuzi yamekaa vizuri majukwaani tangu Tanzania iliporudi kwenye vyama vingi mwaka 1992: pana watu na pana kitu wanachotaka kukigeuza. Mageuko hutokea yenyewe. Nachagua mageuko, hata kama fisi wa bibi bado yumo ndani yake.

Nadharia ina tatizo jingine. Kwa fundi na kwa mwanafunzi wa udereva, nadharia ni ule mtihani wa karatasi, na kazi yenyewe ni vitendo. Kutoka hapo ni hatua moja kufika "hiyo ni nadharia tu". Basi mtoto akisikia nadharia ya mageuko, anasikia maneno ambayo hayajawahi kushika spana. Ningependa aambiwe habari za fuvu la Olduvai. Mary Leakey aliliona tarehe 17 Julai 1959, na mumewe Louis akaliita Zinjanthropus, kwa jina la kale ambalo Waarabu waliita pwani yetu. Louis aliamini huyu ndiye aliyechonga zana za mawe zilizookotwa hapo, na kwamba ni mzee wetu. Kazi ikaendelea palepale bondeni. Mwaka 1964 Louis mwenyewe na wenzake wakatangaza kiumbe mwingine, Homo habilis, yaani mtu stadi, wakampa yeye zile zana. Zinj akahamishiwa kwenye tawi la pembeni lililokufa bila kutuzaa, na wataalamu wengi leo humwita Paranthropus. Fuvu ni lilelile. Kilichobadilika ni maelezo, kwa sababu mifupa mipya iliyakataa yale ya kwanza. Nadharia ya kisayansi hukaa kwenye hatari hiyo kila siku, na ile ya mageuko imekaa humo tangu 1859, Darwin alipochapisha kitabu chake.

Sasa uteuzi asilia. Kila jioni redio hutangaza kwamba Rais amefanya uteuzi. Mtoto akikutana na uteuzi asilia atauliza ni nani aliyeteua, na ana haki ya kuuliza. Kasoro hii ilizaliwa na Darwin mwenyewe, aliyeazima neno kwa wafugaji wa njiwa na ng'ombe wanaochagua mbegu bora. Alfred Russel Wallace, aliyelifikia wazo lilelile kivyake, alimwandikia mwaka 1866 kumwonya kwamba wasomaji wanadhani maumbile yana akili ya kuchagua. Mimi ningesema mchujo asilia. Nazi iliyokunwa ikikamuliwa kwenye kifumbu, tui hupita na machicha hubaki. Kweli pana mkono unaokamua, lakini mkono hauchambui kipi kipite. Na hakuna chembe ya nazi iliyojipunguza ili ipenye.

Hapo ndipo ninapogombana na neno usugu. Sugu ya kwanza ni ya kiganja: mpini wa jembe husugua ngozi hadi ikawa ngumu. Kisha tuna mtoto sugu, aliyechapwa akazoea. Kote huko ni mwili uleule ulioumia ukastahimili. Tukisema vimelea vya malaria vimekuwa sugu, msikilizaji anaona kimelea kilichopigwa na klorokwini mpaka kikaizoea. Lakini kilichopigwa barabara kilikufa. Katika mabilioni ya vimelea, vichache vilitokea na tofauti ndogo iliyoviwezesha kuitoa dawa nje, vikabaki, vikazaana. Waliomeza vidonge vile hawajasahau uchungu wake wala kujikuna usiku kucha. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuvitumia kama dawa ya kwanza ya malaria.

Malawi iliacha mapema zaidi, mwaka 1993. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba klorokwini ileile ilikuwa imerudi kuponya karibu watoto wote waliopewa. Utasema hata sugu ya kiganja hulainika jembe likiwekwa chini. Ni kweli, lakini kiganja ni kilekile. Kule Malawi hakuna kimelea kilicholainika. Vile visivyo sugu, vilivyokuwa vimebaki vichache, vilizaana kuliko vile sugu mara dawa ilipoondoka, hadi vikajaa. Mchujo ulibadilika, na waliopita wakawa wengine.

Usugu umeshazoeleka hospitalini na sitaki uondolewe. Wanaoandaa kamusi na vitabu vya kiada nawaomba waufikirie mchujo. Walimu wenzangu nawaomba jambo dogo zaidi: kabla ya kuandika maana ya istilahi ubaoni, waulizeni watoto neno hilo wamelisikia wapi, shambani, redioni au kwa bibi, kisha waonyesheni linapoachana na sayansi. Katika kipindi cha dakika 40, dakika tano zinatosha.