Chai Inayozeeka, na Sisi Tunaosubiri

Wiki hii tunaleta historia ya chai, lakini siyo hii ya rangi tunayokunywa asubuhi na kiporo. Ni chai ya China inaitwa Pu'er. Watu wanaiweka miaka kumi, ishirini, hata zaidi, ndiyo wanaisifu. Tuliposikia mara ya kwanza tulicheka. Chai ya mwaka jana kwetu si imeshakuwa takataka?

Chai hii inatoka jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China, kule inakopakana na Myanmar, Laos na Vietnam. Kuna miti ya chai ya majani mapana, mingine ina mamia ya miaka. Msitu wa chai wa mlima Jingmai, unaotunzwa na Wablang na Wadai kwa vizazi vingi, uliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2023. Jina Pu'er ni la mji ambako chai ilikusanywa na kuuzwa.

Kwa nini inashindiliwa? Sababu ni safari. Tibet ni juu sana, kuna baridi na mboga ni chache. Watu wake walipenda chai, wakaipika na chumvi na siagi. China nayo ilitaka farasi wa vita. Enzi za watawala wa Song (960–1279), serikali ilikuwa na ofisi kabisa ya kubadilisha chai kwa farasi. Misafara ya nyumbu na wapagazi ilipanda milima kwa miezi. Majani makavu yakiachwa hivi hivi yanajaza mzigo na kuvunjika, kwa hiyo yanapigwa mvuke, yanashindiliwa kuwa tofali, bakuli au duara kama chapati nene. Duara la kawaida leo lina gramu 357, na saba hufungwa pamoja.

Mwaka 1391 mfalme Hongwu aliagiza chai ya ushuru wa kifalme isishindiliwe tena, iletwe majani matupu. Lakini njia za mipakani ziliendelea na ile ya kushindiliwa. Mzigo ni mzigo.

Na njiani chai ilibadilika. Unyevu, joto na vijidudu visivyoonekana viliifanyia kazi polepole. Ikiwa changa ni chungu, inakamata koo. Ikizeeka vizuri inakuwa nyekundu ya giza, laini, na harufu ya mbao za zamani na udongo baada ya mvua. Unamegua kidogo, maji ya kwanza unamwaga, halafu majani yale yale unayatilia maji mara nyingi.

Wenye haraka nao walipata njia. Mwaka 1973 kiwanda cha Kunming kilianza kulundika majani, kuyalowesha na kuyafunika kwa wiki kadhaa yaive. Ndiyo maana leo kuna aina mbili: sheng, yaani mbichi, na shou, iliyoivishwa. Halafu wakaja walanguzi, wakanunua ili kuficha tu, bei ikapanda sana. Mwaka 2007 ikaporomoka, wengi wakabaki na maboksi na madeni.

Sasa tuje kwetu. Hapa kambini neno tunalolisikia zaidi ni "subirini". Mwenzetu mmoja aliingia akiwa darasa la tatu, leo ana mtoto, na bado anasubiri jibu la mahojiano. Wanatuambia subira huvuta heri. Sawa, ila tuwaulize watunza chai. Pu'er haikomai kwa sababu miaka imepita. Ukiifungia pakavu bila hewa, haibadiliki. Ukiiweka penye maji, inaota ukungu. Ukiiweka karibu na mafuta ya taa, inanuka mafuta ya taa mpaka mwisho. Inataka hewa, unyevu wa kiasi, na mtu wa kuigeuza na kuiangalia.

Kwa hiyo nyinyi mnaotuhudumia, msisifie tu uvumilivu wetu. Tuulizeni tumewekwa vipi: darasa lipo? Kazi ipo? Na sisi vijana tusijidanganye kwamba muda utatufundisha wenyewe. Hata kitabu kimoja cha kuazimana, hata somo la jioni chini ya mti, hiyo ndiyo hewa yetu.

Wewe miaka yako hapa unaitunzaje? Tuandikie, tujadiliane.