Upimaji endelevu

Upimaji endelevu ni utaratibu wa kukadiria ujifunzaji wa mwanafunzi kwa kazi za darasani, majaribio na miradi katika kipindi chote cha masomo, badala ya kutegemea mtihani mmoja wa mwisho. Nchini Tanzania ulianza kutumika katika shule za sekondari mwaka 1976, kufuatia Azimio la Musoma la 1974 kuhusu elimu. Wazazi hupata matokeo kupitia ripoti ya maendeleo, yaani karatasi ya mwisho wa muhula yenye alama, nafasi darasani, mwenendo na maoni ya mwalimu. Nafasi hiyo, ingawa mara nyingi ndiyo husomwa kwanza, haionyeshi stadi ambazo mtoto bado hajazimudu, jambo ambalo maoni yaliyoandikwa kwa makini huliweka wazi.