Nani Alimtembeza Flush?

Sisi tunaochipukia katika uandishi tunapenda sana habari za washairi wakubwa: walizaliwa lini, walimpenda nani, walikufa kwa ugonjwa gani. Leo nakuletea habari ya mshairi na mbwa wake. Usicheke kwanza. Ndani yake mna wizi, mna vitisho, mna mapenzi ya siri, na mna lile swali ambalo dada zetu huulizwa mpaka leo wakirudi nyumbani giza limeingia: hivi ulikuwa unatafuta nini huko peke yako?

Mahali ni London, mwaka 1846. Elizabeth Barrett alikuwa na umri wa miaka 40, mshairi aliyejulikana Uingereza nzima, lakini aliishi kama mwari aliyewekwa ndani. Baba yake, ambaye utajiri wa ukoo wake ulitokana na mashamba ya miwa na jasho la watumwa kule Jamaika, hakutaka mtoto wake yeyote aoe wala aolewe. Elizabeth mwenyewe alikuwa mgonjwa wa miaka mingi. Mwaka 1840 mdogo wake wa kiume aliyempenda kuliko wote alikufa maji, na huzuni ile nusura imzike. Mwaka uliofuata rafiki yake, mwandishi Mary Russell Mitford, akampa mbwa wa kumliwaza: spanieli mdogo, masikio marefu, jina lake Flush. Mbwa akaingia chumbani, na baadaye Mtaa wa Wimpole namba 50, akalala miguuni pa mshairi.

Lakini mbwa si kasuku. Mbwa lazima atoke nje. Na hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza.

Sisi tumezoea kudhani kwamba mwanamke mwenye mbwa yuko salama barabarani. Nani atamsogelea? Tunasoma kibao cha MBWA MKALI getini, tunavuka barabara. London ya wakati ule ilikuwa kinyume chake. Mwanamke wa heshima aliyetembea peke yake katika mitaa ya maduka aliweza kudhaniwa malaya, akafuatwa, akaambiwa maneno. Kwa hiyo alitakiwa awe na mwenzake: dada, kaka, au mtumishi. Mbwa hakuhesabiwa kama mlinzi. Tena mbwa mdogo mzuri alikuwa chambo, maana kulikuwa na watu waliokula na kunywa kwa kuiba mbwa wa matajiri.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Mwizi hakuwa na haja ya kumuuza mbwa. Alimnyakua, akamficha, akatuma ujumbe kwa mwenye mbwa: tunaye, lete fedha. Wewe unayeishi Dar es Salaam unaijua hiyo. Unaibiwa kioo cha pembeni cha gari usiku, asubuhi kijana mpole anakuelekeza kwa fundi mmoja, na unakikuta kile kile chako kinakusubiri, ukinunue upya. Henry Mayhew, mwandishi wa habari aliyezunguka vichochoro vya London na kuyaandika maisha ya maskini wake, alieleza jinsi wezi wa mbwa walivyotumia maini kama chambo. Akataja pia orodha ya mabwana na mabibi 151 ambao, katika miaka ya mwanzo ya 1840, walikomboa mbwa wao kwa jumla ya karibu paundi 1,000. Kwa wakati ule hizo zilikuwa fedha za kutosha kuwalisha watu wengi sana.

Na sheria je? Hapa ndipo utakapocheka kwa uchungu. Kwa sheria ya kale ya Uingereza, mbwa hakuhesabiwa kama mali ya kuibwa kama ng'ombe au kijiko cha fedha. Mwizi mwenye akili alimvua mbwa ule mkanda wa shingoni na kuutupa, kwa sababu mkanda ulikuwa mali, mbwa siyo! Mwaka 1844 Bunge liliunda kamati kuchunguza jambo hili, na mwaka 1845 ikapitishwa sheria ya kuwafunga wezi wa mbwa. Basi mtu angedhani mambo yamekwisha. Mwaka mmoja baadaye Flush akaibwa. Tena ilikuwa mara ya tatu. Alikwisha kuibwa mwaka 1843 na mwaka 1844.

Siku hiyo, tarehe 1 Septemba 1846, Elizabeth na mdogo wake Arabel walikwenda kwa gari la farasi kununua vitu Mtaa wa Vere. Flush akawafuata dukani, akatoka nao, alikuwa visiginoni mwa Elizabeth alipokuwa anapanda gari. Elizabeth akageuka kumwita. Hakuna mbwa. Ilikuwa mchana, mbele ya maduka, kati ya watu, na yeye hakuwa peke yake. Masharti yote waliyopewa wanawake, kwamba watoke wawili, watoke mchana, wapite njia kubwa, aliyatimiza, na bado aliibiwa. Ndiyo maana sipendi kabisa mtu anapoanza kwa kumwuliza aliyedhurika alifanya nini.

Mkuu wa genge alikuwa mtu aitwaye Taylor. Alitaka gini 6, na nusu gini juu yake kwa ajili ya usumbufu wa kupatanisha, utadhani wakili. (Gini moja ilikuwa paundi moja na shilingi moja.) Sasa tazama wanaume wa Elizabeth. Baba akakataza zisilipwe, tena akaagiza binti yake asiambiwe. Na Robert Browning, mshairi kijana aliyekuwa amemchumbia kwa siri, akamwandikia barua kumweleza kwamba kuwalipa majambazi ni kuwalisha, na kwamba yeye angekataa.

Nataka niwe mkweli: Robert alikuwa na hoja. Kila gini iliyolipwa ilimwinda mbwa mwingine na bibi mwingine. Hata sisi tukinunua kioo chetu cha gari tunamlipa mwizi mshahara. Lakini Elizabeth naye alikuwa na hoja, na mimi niko upande wake. Alikumbuka habari ya bibi mmoja aliyechelewa kwa kubishana bei, akaletewa kifurushi, ndani kichwa cha mbwa wake. Akamwuliza Robert: je, majambazi wa Italia wakiniteka mimi na kukutishia kukuletea masikio yangu, utawasomea nadharia yako ya haki? Swali hilo linauma kwa sababu linaonyesha nani analipa gharama ya msimamo. Wanaume wawili walikuwa wanalinda kanuni, na aliyekuwa anakwenda kuchinjwa alikuwa ni Flush.

Basi mgonjwa yule, ambaye kwa miaka alibebwa kupanda na kushuka ngazi, akaamua kwenda mwenyewe. Akakodi gari, akamchukua mtumishi wake, wakaenda Shoreditch, mashariki ya mji, katika mitaa ambayo mabibi wa Wimpole waliijua kwa kusimuliwa tu. Dereva akasimama kwenye kilabu kuuliza njia. Wanaume wakatoka, na kabla hawajaambiwa jina, wakasema bila shaka mnamtafuta Bwana Taylor! Kumbe mabibi wa kutoka magharibi walikuwa wateja wa kawaida pale. Wakafika nyumbani kwake. Mwenyewe hayupo, yupo mkewe, mwanamke mkubwa wa umbo, akawakaribisha kwa adabu washuke wasubiri ndani. Wanaume na vijana wakalizunguka gari. Elizabeth akaacha ujumbe, wakarudi.

Taylor akaja Wimpole kuchukua fedha. Hapo ndugu mmoja wa Elizabeth, Alfred, akamkuta mlangoni akamwita mwizi na mwongo. Taylor akaondoka akiapa kwamba mbwa hawatamwona tena. Unaona? Mwanamke amekwenda mpaka kwenye pango la chui akapata maelewano, mwanamume anayamwaga kizingitini ili aonekane shujaa. Elizabeth akawa tayari kurudi Shoreditch usiku ule ule. Mwishowe ndugu mwingine, Septimus, akaenda na fedha. Flush akarudi mchafu, amekonda, akanywa maji bakuli kwa bakuli. Kwa hesabu ya Elizabeth, mara zote tatu zilimgharimu paundi 20.

Watu wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, wakimsifu mshairi jasiri. Virginia Woolf alikitungia kitabu kizima, *Flush*, kilichotoka mwaka 1933, akasimulia mambo kama mbwa alivyoyaona, na safari ya Shoreditch akaihamishia Whitechapel. Ni kitabu kitamu. Lakini mimi nilipokisoma nilikuwa namtafuta mtu mwingine ndani ya gari lile.

Yule mtumishi aliitwa Elizabeth vilevile, Elizabeth Wilson, ila ndani ya nyumba jina la Elizabeth lilikuwa na mwenyewe, kwa hiyo yeye aliitwa Wilson. Alitoka kaskazini ya Uingereza, akaanza kazi Wimpole mwaka 1844. Bibi yake asipoweza kushuka ngazi, ni yeye aliyemtoa Flush nje. Mshahara wake haukufika paundi 20 kwa mwaka. Rudi juu kidogo usome tena ile hesabu ya wezi.

Tunajua kwamba Wilson aliogopa sana Shoreditch, kwamba alimsihi bibi yake asishuke garini. Tunajua kwa sababu bibi yake aliandika, tena kwa kuchekesha kidogo. Yeye alikwenda kwa mapenzi yake, Wilson alikwenda kwa sababu aliambiwa twende. Fikiria mambo yangeharibika. Elizabeth Barrett alikuwa mtu mashuhuri, London nzima ingetikisika. Mtumishi angetafutwa na nani?

Nasema haya kwa sababu nayajua. Nilipomaliza kidato cha nne nilifanya kazi za ndani miezi minane kwenye nyumba moja ya wakubwa, na jioni kazi yangu mojawapo ilikuwa kumtembeza mbwa wao, kipande cha njia chenye ukuta upande huu na mikoko upande ule. Kwetu uswahilini mbwa hatembezwi, anajitembeza, kwa hiyo nilikuwa kama sarakasi: kila kundi la vijana wa kijiweni lilikuwa na la kuniambia, na mmoja alinifuata siku tatu mfululizo akitaka kujua geti langu. Nilipomweleza mama mwenye nyumba alisikiliza vizuri, kisha akanisisitizia nisiiachie kamba, mbwa asije akapotea. Mimi kupotea hakukutajwa. Nilibadili saa ya kutoka, nikawa natoka watoto wa shule wanapopita, nikatafuta mlinzi wa nyumba ya kona nikamsalimu kila siku kwa jina, ili siku nikichelewa kupita ajue kuna jambo. Hakuna aliyenifundisha. Nadhani na Wilson alikuwa na mbinu zake: duka gani lina mtu mwema, kona gani ya kukwepa, ukoo wa nani ni wa wezi. Mbinu hizo hazikuandikwa na mtu, ila bila hizo Flush angeibwa mara kumi.

Margaret Forster, mwandishi wa Uingereza, alimpa Wilson riwaya yake mwenyewe mwaka 1990, *Lady's Maid*. Kwa hiyo wapo walioona pengo hilo kabla yangu. Lakini pengo ni pana, wenzangu mnaotafuta cha kuandika. Wapo akina Wilson wengi barabarani jioni, wameshika kamba ya mbwa wa mtu, mtoto wa mtu, au kikapu cha mtu.

Tarehe 12 Septemba 1846, siku chache tu baada ya Flush kurudi, Elizabeth alitoka nyumbani akaenda kanisa la St Marylebone akafunga ndoa na Robert kwa siri. Kwa miguu yake alikuwa anayumba, Wilson akamshikilia njiani. Wiki iliyofuata, tarehe 19, wanawake wale wawili wakatoka kimyakimya Wimpole namba 50 na Flush, asibweke, wakaelekea Italia. Baba hakumsamehe binti yake mpaka alipokufa. Flush alizeeka Florence, mji ambao hakuna aliyemwinda, akawa anatoka mwenyewe na kurudi mwenyewe.

Katika ndoa ile ya siri walihitajika mashahidi wawili. Mmoja alikuwa James Silverthorne, binamu ya Robert. Wa pili alikuwa Wilson, na katika daftari la kanisa aliandikwa kwa jina lake kamili: Elizabeth Wilson.