Jembe Kwanza, Ugeni Baadaye

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti haijaingia majumbani, Mmarekani aliyekwama na kompyuta yake aliweza kuunganisha modemu kwenye laini ya simu na kuingia CompuServe. Huko kulikuwa na mabaraza ya kila namna. Moja lililochangamka sana lilikuwa la FoxPro, programu ya kutengenezea kanzidata. Waliojibu maswali ya wenzao humo, wengi wao hawakuwa waajiriwa wa Microsoft, ambayo mwaka 1992 ilikuwa imeinunua FoxPro pamoja na kampuni iliyoiunda, Fox Software ya Ohio. Walikuwa waandishi wa programu waliojitegemea, wenye wateja wao na shughuli zao.

CompuServe ilitoza kwa saa. Ili kubana matumizi, watu walipakua ujumbe wote kwa mkupuo, wakakata simu, wakaandika majibu yao taratibu, kisha wakapiga tena kuyatuma. Hebu litazame jambo hilo vizuri: mtu analipa fedha yake mwenyewe ili apate nafasi ya kumhudumia mteja wa kampuni ya mwingine. Na anafanya hivyo kila siku, kwa furaha.

Mmoja wa wanabaraza hao, Calvin Hsia, alianza kutoa orodha iliyoonyesha kila mtu ametuma ujumbe kiasi gani na amepokea kiasi gani. Ikaitwa Orodha ya Calvin. Kuingia kumi bora kwa mwezi lilikuwa jambo la kutajwa, ingawa wenyewe walibishana kama ni sifa au ni aibu. Simulizi ya waliokuwapo ni kwamba watu wa Microsoft waliiona orodha hiyo wakagundua kwamba wamefanyiwa hesabu bure: hawa hapa ndio wanaobeba mzigo. Mwaka 1993 ikazaliwa tuzo inayojulikana kwa herufi tatu, MVP, jina lililoazimwa michezoni, ambako hupewa mchezaji aliyeibeba timu. Inasemekana wa kwanza kuipata walikuwa 37. Hsia mwenyewe baadaye aliajiriwa na Microsoft. Kufikia miaka ya 2010 wenye tuzo hiyo walikaribia 4,000 duniani kote.

Kila mwaka wataalamu hao hualikwa kwenye mkutano mkuu, nyumbani kwa kampuni, katika jimbo la Washington. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa huu: wageni wanalala katika hoteli za Bellevue, asubuhi mabasi yanawachukua kuwapeleka kwenye majengo ya Microsoft huko Redmond, na siku nzima wanakaa na wahandisi wanaounda bidhaa ambazo wao huzieleza kwa watu mwaka mzima. Hoteli ililipwa na kampuni. Nauli ya ndege ni juu yako. Na kabla ya yote umetia saini mkataba wa kutunza siri, kwa sababu utaonyeshwa vitu ambavyo havijatangazwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku mambo yamegeuzwa: unaanza na jembe, unalima mwaka mzima, halafu unakaribishwa ugeni wa siku chache. Mwaka ukiisha tuzo nayo inaisha, na kazi yako inapimwa upya kama unastahili kurudi.

Kwa nini kampuni tajiri namna hii isiwalipe tu? Jibu la wepesi ni ubahili, lakini halitoshi. Jibu lenyewe limo katika sheria ya kazi ya Marekani, na katika siku tatu za Oktoba 1999.

Sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 inamtaka mwajiri kulipa kima cha chini cha mshahara, na kampuni ya biashara haiwezi kuikwepa kwa kumwita mfanyakazi wake mtu wa kujitolea. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kesi ya taasisi moja ya kidini, Alamo Foundation, iliyokuwa na biashara nyingi, vikiwamo vituo vya mafuta. Waliofanya kazi humo walipewa chakula, mavazi na malazi, na wenyewe waliapa mahakamani kwamba hawakutaka mshahara. Mahakama haikuwakubalia. Chakula na malazi yale, ilisema, ni ujira uliovaa nguo nyingine. Huwezi kuisamehe haki hiyo hata ukitaka, kwa sababu ukiisamehe wewe, jirani yako anayehitaji kulipwa atashindwa kupata kazi.

Mwezi Mei 1999 hoja hiyo iliingia kwenye ulimwengu wa kompyuta. Watu wawili waliokuwa wamejitolea katika kampuni ya America Online walifungua kesi New York. AOL ilikuwa na maelfu ya watu wa namna hiyo, wakiongoza mazungumzo na kusimamia mabaraza. Walikuwa na mafunzo, zamu na ripoti za kujaza. Malipo yao yalikuwa kutumia huduma bila kutozwa, jambo lenye thamani kubwa wakati AOL ilipokuwa ikitoza kwa saa. Lakini mwishoni mwa mwaka 1996 AOL ilihamia kwenye ada moja ya mwezi, na thamani ya zawadi hiyo ikaporomoka. Kazi ilibaki palepale.

Kampuni nyingine zilishtuka. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Microsoft ilitangaza kwamba inaufuta mpango wa MVP. Kilichofuata ni funzo kwa yeyote anayedhani watu wanatafuta fedha tu: wenye tuzo waliwaandikia wakubwa wa kampuni, Bill Gates akiwa mmojawapo, wakidai warudishiwe nafasi ya kuendelea kufanya kazi bila mshahara. Baada ya siku tatu uamuzi ukatenguliwa. Mpango ukaendelea. AOL iliufunga mpango wake mwaka 2005, na mwaka 2010 kesi ile ikamalizwa kwa mapatano ya dola milioni 15.

Ukiijua historia hiyo, maneno ya mpango huo yanasomeka kwa jicho jingine. Tuzo hutolewa kwa mchango uliokwisha kutolewa. Hakuna zamu wala idadi ya saa. Hakuna ahadi ya mwaka ujao. Mkutano hauitwi malipo. Ni shukrani, ni fursa ya kutoa maoni. Siwezi kusema kila neno liliandikwa na wakili, lakini kila neno lingemfurahisha wakili.

Sisi tunaijua karamu ya namna hii. Upareni kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: mfereji unachimbwa, barabara inafunguliwa, na anayekosa anaulizwa yuko wapi. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu wameitana kulima shamba la mmoja wao, wakamaliza kwa chakula na kinywaji cha mwenye shamba. Hakuna aliyekiita chakula kile mshahara, na hakuna aliyeona ameibiwa, kwa sababu zamu ilizunguka: leo kwako, kesho kwangu. Mkutano wa Redmond una chakula, una vicheko, una urafiki wa kweli kati ya watu waliojuana kwa majina ya skrini miaka mingi kabla ya kushikana mikono. Kinachokosekana ni kesho kwangu. Shamba ni lilelile kila mwaka.

Hata kufika kwenye karamu hakulingani. Mkazi wa Seattle anavuka ziwa tu. Mtaalamu wa Nairobi au Dar es Salaam anatafuta nauli ya kuvuka nusu ya dunia, anaenda ubalozini kuhojiwa, na kabla ya mahojiano analipa ada ya viza isiyorudishwa hata akinyimwa, dola 160 hadi mwaka 2023 ilipopanda kuwa 185. Machi 2020, korona ilipozuka katika eneo hilohilo la Seattle, mkutano ulihamishiwa mtandaoni. Nauli na viza vikaondoka. Saa zikabaki: saa tatu asubuhi kwao ni saa moja jioni kwetu, na siku yao ya kazi inapoisha, huku kwetu ni saa tisa usiku.

Je, sauti za watu hawa husikilizwa? Mara nyingi ndiyo. Mhandisi anayeambiwa uso kwa uso na mtu aliyejibu maswali elfu ya wateja kwamba kitufe fulani kinawachanganya watu ana sababu ya kukihamisha. Lakini kusikilizwa na kuamua ni vitu viwili, na ushahidi wa wazi uko pale baraza lilipoanzia.

Machi 2007 Microsoft ilitangaza kwamba hakutakuwa na toleo jingine la FoxPro baada ya lile la 9. Watumiaji, wale wa lugha ya Kihispania wakiwa mstari wa mbele, walianzisha waraka wa kukusanya saini ulioitwa MasFoxPro, wakiomba programu hiyo iendelezwe au iachiwe jamii. Kampuni haikubadili msimamo. Safari hii siku tatu hazikutosha. Januari 2015 huduma ya mwisho ya kampuni kwa programu hiyo ilikoma. Baraza lililozaa Orodha ya Calvin, na orodha iliyozaa tuzo, na tuzo iliyozaa mkutano, halikuwa na kura hata moja juu ya uhai wa kitu lilichokilinda.

Lakini wataalamu wa FoxPro hawakutawanyika. Walikuwa na mkutano wao wa kila mwaka huko Arizona, Southwest Fox, ulioandaliwa na wao wenyewe. Uliendelea miaka mingi baada ya tangazo la 2007, na mwaka 2020 ukaingia mtandaoni kwa jina la Virtual Fox Fest. Huko hakuna kampuni inayokulipia hoteli wala inayokuonyesha siri. Kila mtu hulipa kiingilio, mwenye ujuzi husimama kufundisha, kisha huketi kufundishwa na aliyekuwa akimsikiliza.