Volti Kumi na Mbili za Uswahilini

Redio kaseti iliyokula betri nane kubwa haikuwa na haja ya umeme wa TANESCO. Kila betri ina volti 1.5, nane zinafika 12, na volti 12 alikuwa nazo kila mwenye betri ya gari. Nimekaa kwenye meza ya ufundi hapa Tandika tangu enzi za redio hizo. Vijana wakiniuliza watu wa Temeke walianza lini kubadilisha umeme, huwajibu kwamba kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa kuhakikisha haubadilishwi.

Jiji lenyewe lilipata umeme mapema. Wajerumani waliuwasha mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wao. Toka hapo waya umekuwa ukimfuata mwenye nacho. Bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, lakini huku Charambe na Yombo, au kule Goba na Bunju upande wa Kinondoni ya enzi hizo, nyumba zilitangulia na nguzo zikaja baadaye sana. Na kuvuta umeme kulikuwa ghali. Hadi mwisho wa 2012, nyumba ya mjini iliyohitaji nguzo moja ililipiwa shilingi 1,351,884. Januari 2013 ndipo bei ikashuka hadi 515,618. Kabla ya hapo mtu aliweza kujenga, akaezeka, akahamia, akazaa, na taa za barabara ya Kilwa akaziona kwa mbali tu.

Basi betri ya gari ikaingia sebuleni. Mara nyingi ilikuwa imeshindwa kuamsha injini, gereji wakaitupa pembeni, lakini kwa redio bado ilikuwa na nguvu za kutosha. Betri za zamani zilikuwa na kasha jeusi la mpira mgumu, juu zimezibwa kwa lami, na viungo vya risasi vinavyounganisha seli sita vikionekana wazi. Kila seli ina volti 2. Mtu akileta redio ya betri sita, yaani volti 9, fundi alihesabu seli nne, akabana waya kwenye kiungo, akapata 8, na redio ikaimba. Ubaya ulionekana siku ya kuchaji: seli nne zimechoka, mbili zimeshiba, na zile zilizoshiba zinatokota huku zile nne hazijafika hata nusu.

Makasha ya plastiki yalipokuja, viungo vikafichwa ndani. Tukahamia kwenye dayodi. Dayodi moja hupunguza takriban volti 0.7, panga tano kwenye mstari mmoja, betri iliyojaa inayosoma 12.6 inatoa 9.1 upande wa pili. Dayodi tano, kipande cha waya na risasi ya kuchomelea: hiyo ndiyo ilikuwa mashine yetu ya kubadilisha umeme. Ilikaa ndani ya kiberiti.

Kuchaji ilikuwa biashara ya mtu mwingine, aliyebahatika kukaa karibu na nguzo. Betri zilipangwa chini, majina yameandikwa kwa chaki, zinalala hapo usiku kucha. Mwenye kibanda makini alipima tindikali kwa haidromita. Mwingine aligusanisha waya na kuangalia cheche. Ukienda kuchukua betri yako ukaibeba kwenye baiskeli, suruali ilitoboka pale tindikali ilipodondokea. Kina mama wa Mbagala waliijua hiyo kwa kuangalia tu nguo za waume zao.

Runinga ilichelewa Bara. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini huku tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha. Chombo kilichotusaidia sisi tusio na waya kilikuwa cha Kichina, nyeusi na nyeupe, inchi 14, nyuma kina tundu dogo limeandikwa DC 12V. Kilikula wati 18 hivi, ampea moja na nusu. Betri ya ampea-saa 50, ukitumia nusu yake tu ili usiiue, ilikupa jioni nne nzima. Sijawahi kuona mpango bora kuliko ule, na nasema hivyo nikijua kwamba picha ilikuwa na chenga.

Rangi ndiyo iliyovuruga hesabu. Runinga ya rangi haikuwa na tundu la DC, na vibanda umiza, vile vya kuonyesha video mitaani, havikuweza kumwonyesha mteja sinema za kutafsiriwa na Lufufu, wala mpira wa Ulaya, kwa rangi mbili. Wenye vibanda wakanunua jenereta ndogo za mafuta mchanganyiko, zile za wati 650. Pembeni mwa soketi ya volti 220 kuna vituo viwili, chekundu na cheusi, vimeandikwa 12V, ampea 8.3. Hapo ndipo vifaa vingi vilipofia.

Mteja aliona 12V, redio yake inataka 12V, akaunga. Alirudi kwangu na redio inanuka. "Fundi, si zimelingana?" Hazikulingana. Kituo kile kimetengenezwa kuchaji betri, si kulisha redio. Umeme wake umenyooshwa na dayodi lakini haujatulia. Unapanda na kushuka kwa mapigo, na pasipo mzigo volti hupita 15 kirahisi. Dawa yake ni kuweka betri katikati. Betri humeza mapigo yale kama mtungi unavyopokea maji ya bomba linalokohoa, halafu redio inachota upande wa pili kwa utulivu. Mwenye akili aliwasha jenereta saa za onyesho tu, runinga kubwa ikatumia 220, betri ikawa inachaji kwenye vituo vyake, na jenereta ikizimwa nyumba ilibaki na taa na redio hadi alfajiri bila tone la petroli.

Halafu ukaja mgao wa umeme wa 2006. Mvua zilikuwa zimekosekana, bwawa la Mtera likapungukiwa maji, na hata wenye waya wakawa kama sisi. Kariakoo hukuweza kusikia bei ya kitu kwa ngurumo za jenereta. Wakati huo ndipo inveta zilipojaa madukani.

Inveta siipendi, na sababu zangu si za uzee. Inachukua volti 12, inazipandisha hadi 230, kisha runinga inazipokea na kuzigeuza tena kuwa DC, kwa maana karibu kila kitu ndani ya runinga hutumia DC. Umeme umepigwa kona mbili, na kila kona inatoza ushuru. Runinga ya wati 60 inavuta ampea 6 kwenye betri. Ile nusu ya betri yetu inaisha kwa saa nne. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la mraba, feni inaunguruma, na transfoma ya redio inapata moto. Runinga za chogo zilikuwa na koili ya kusafisha rangi inayovuta umeme mwingi sana mara tu unapobonyeza swichi. Inveta ilipiga kelele ikajizima, na mteja akaapa kwamba runinga ni mbovu.

Kilichonipa haki ni king'amuzi. Analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, kila nyumba yenye runinga ilibidi iwe na kile kisanduku, na adapta ya vingi vya aina hiyo imeandikwa 12V. Zikafuata runinga bapa za sola, nazo 12V. Mgao ulipokaza tena mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujawashwa, vijana walinijia na ruta za intaneti. Ruta nyingi ni 12V, ampea moja. Walitaka niwauzie inveta. Nilikata waya wa adapta, nikapima ncha ipi ni chanya, kwa kawaida ni ile ya katikati ya plagi, nikaunga kwenye betri ya pikipiki kupitia fyuzi ya ampea mbili. Fyuzi siiachi, maana hata betri ndogo namna ile inaweza kuyeyusha waya na kuchoma godoro. Mmoja aliniuliza kwa nini hela yenyewe ni ndogo hivyo. Nikamwambia alete na king'amuzi cha mama yake.