Rola za Variata: Kuchagua Uzito Unaoifaa Skuta ya Kwenda Kazini

Rola za variata ni vipande vidogo vya mviringo, kwa kawaida sita, vinavyokaa ndani ya puli ya mbele ya skuta isiyo na gia za kubadilisha. Kila kimoja kina moyo wa chuma uliovikwa gamba la nailoni ngumu. Kwa umbo hakizidi sana kete ya bao, lakini ukikiweka kiganjani utaona ni kizito kuliko macho yalivyokisia. Bodaboda za gia za mguu hazina kitu hiki, wala Vespa kongwe za Unguja ambazo gia zake hubadilishwa kwa mkono wa kushoto. Rola ni za skuta zile unazovuta mafuta tu zikaondoka, na ndani ya skuta hizo ni vichache vipuri vya bei ndogo vinavyogeuza tabia ya chombo kiasi hiki.

Puli ya mbele ina nyuso mbili. Mmoja umefungwa imara kwenye ncha ya krenki, wa pili unateleza juu ya bushi. Nyuma ya uso unaoteleza kuna mifereji iliyochongwa kwa mteremko, na kila mfereji una rola yake. Krenki ikizunguka, rola hutupwa nje kama jiwe la kombeo. Zikipanda mteremko zinausukuma uso ule, nyuso mbili zinakaribiana, na mkanda uliokuwa umezama karibu na kitovu unabanwa na kupanda ukingoni. Mkanda haurefuki, kwa hiyo unaposogea nje huku mbele unalazimika kuzama kwenye puli ya nyuma, ambayo hufunguka kwa kushindana na springi kubwa. Injini inaendelea kuzunguka karibu vilevile, ila tairi sasa linakimbia zaidi. Dereva hajagusa chochote. Anachojua ni kwamba chombo kimechanganya. Wazo la puli inayojipanga yenyewe kwa vizito lilipata umaarufu kwenye gari dogo la Uholanzi, DAF 600 la mwaka 1958, kazi ya Hub van Doorne, kabla ya kuenea kwenye skuta za Asia na Ulaya.

Nguvu inayoitupa rola nje inategemea uzito wake, umbali wake kutoka kitovuni, na kasi ya mzunguko ikizidishwa kwa yenyewe. Hapo ndipo penye siri yote. Springi ya nyuma inadai nguvu fulani ili ikubali kufunguka. Rola nzito huipata nguvu hiyo injini ikizunguka polepole. Rola nyepesi haiipati mpaka injini izunguke kwa kasi zaidi. Kwa hiyo anayechagua gramu anachagua mizunguko ambayo injini itakaa nayo wakati skuta inachanganya. Rola nyepesi haiongezi nguvu hata kidogo. Inachofanya ni kuiacha injini ifike mahali ambapo nguvu yake ipo.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme skuta ina rola za gramu 13, na ukivuta mafuta yote injini inatulia kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Ukitaka kushuka hadi gramu 12, gawanya 13 kwa 12, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, zidisha kwa 6,000: utapata kama 6,240. Ukishuka hadi gramu 11 utakuwa karibu na 6,520. Barabarani tarakimu zitacheza kidogo, maana puli ya nyuma ina njia za mshazari zinazoubana mkanda zaidi injini inapoelemewa, lakini makisio haya yanatosha kukuzuia usinunue rola za gramu 8 kwa sababu tu mtu alisema nyepesi ndiyo nzuri.

Injini inayofaa kwa mfano ni ile ya familia ya GY6, ambayo viwanda vya Taiwan na China vimeiweka kwenye skuta za majina mengi mno. Ile ya sentimita za ujazo 150 hutumia rola za milimita 18 kwa 14. Ndugu yake mdogo wa 50 hutumia 16 kwa 13. Namba ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni upana, na hazibadilishwi kwa kupenda: rola pungufu ya upana hugongagonga ndani ya mfereji wake, na iliyozidi haiingii. Uzito pekee ndio wa kuchagua. GY6 ya 150 huvuta vizuri zaidi karibu na mizunguko 6,000 na hutoa nguvu yake ya juu karibu na 7,500. Mshindani wa mbio ataipeleka kwenye 7,500. Mtu anayekwenda kazini na kurudi, kwa maoni yangu, aiache itulie kati ya 6,000 na 6,800 anapovuta mafuta yote. Juu ya hapo analipia kelele, petroli na joto la mkanda kwa faida ya sekunde chache kwenye taa za barabarani.

Dalili za uzito usiofaa husikika kabla hazijaonekana. Rola zikiwa nzito mno, skuta huondoka kwa uvivu, sauti ya injini inashuka kuwa nene na ya kukwama, na mlimani mwendo unaporomoka ilhali mafuta umevuta mpaka mwisho. Zikiwa nyepesi mno, injini inalia kwa sauti kali kwenye mwendo wa kilomita 40 tu kwa saa, na katika barabara iliyonyooka mkanda haufiki ukingo wa puli, hivyo mwendo wa juu unapungua. Mahali napo pana sauti yake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia kama 16. Skuta ya kabureta iliyokuwa inavuta vyema pwani itahisi rola zilezile kuwa nzito ikifika bara. Abiria wa kila siku na vilima vya kila siku vinadai hivyohivyo: gramu moja chini, na si zaidi kwa hatua ya kwanza.

Lakini kabla ya kununua uzito mpya, fungua kava uzitazame za zamani. Ninalisisitiza hili kwa sababu pesa nyingi hupotea hapa. Rola iliyochakaa huwa na ubapa upande mmoja. Ukiiviringisha juu ya kioo inakwenda, inasita, inaanguka kwenye ubapa wake, inasimama. Ndani ya puli hufanya vivyo hivyo: inakwama mahali pamoja kwenye mteremko, kisha inaruka, na dereva anahisi skuta ikishtuka kwenye mwendo uleule kila mara. Pima kipenyo kwa vernia. Ya milimita 18 iliyobaki 17.5 imemaliza kazi yake. Pima na upana wa mkanda, maana mkanda uliokonda hukaa ndani zaidi ya puli na kuiba mwendo wa juu, na lawama huangukia rola. Mara nyingi seti mpya ya uzito uleule wa kiwandani pamoja na mkanda mpya huurudisha uhai wote uliokuwa unautafuta.

Ikiwa bado unataka kubadilisha, chora mstari mmoja kwa kalamu ya wino mzito kwenye uso wa puli, kutoka kitovuni hadi ukingoni. Funga, nenda njia yako ya kawaida mpaka mwendo wa juu, rudi ufungue. Mkanda utakuwa umefuta wino hadi pale ulipofika. Ikibaki milimita kadhaa za wino karibu na ukingo, mkanda haukupanda wote. Kwa skuta isiyo na kipima mizunguko, vipo vya bei nafuu ambavyo waya wake huzungushwa kwenye waya wa plagi. Ukipata mizunguko na alama ya wino kwa pamoja, huhitaji kubahatisha.

Uzito wa katikati unapatikana kwa kuchanganya: rola tatu za gramu 12 na tatu za gramu 11, zikipishana moja moja, hufanya kazi kama seti ya gramu 11.5. Zisikae za aina moja upande mmoja, puli itatikisika. Pima kila moja kwenye mizani ya sonara, kwani namba ya kwenye pakiti si ya kuaminiwa kila wakati. Usiweke grisi kwenye rola za kawaida. Grisi hukusanya vumbi la mkanda na kuwa uji mweusi.

Wakati wa kufunga, shika kwa mikono miwili mkanda wa puli ya nyuma na uusukume uzame ndani, ili huku mbele ulegee kabisa. Mkanda ukibaki umebanwa kati ya nyuso mbili, nati hukaza juu ya mkanda badala ya juu ya bushi. Kwa mkono itaonekana imekaza. Baada ya kilomita chache mkanda unajipanga, nati inalegea, na meno ya krenki yanasagika, tatizo ambalo tiba yake ni kuipasua injini nzima. Zungusha puli kwa mkono kabla ya kurudisha kava. Mkanda unapaswa kucheza, na uso wa nje ugeuke bila kuyumba.

Kisha, ndani ya kava palipo safi, andika kwa kalamu ileile: tarehe, kilomita, gramu.