Ukungu

Kariakoo nilishika Canon EOS 700D ya mtumba, kamera ya 2013, picha na video humo humo, bei ya kuvumilika. Lenzi je? “Ukungu kidogo tu, bosi, utaufuta,” akasema muuzaji.

Neno “ukungu” lilimfaa, kwa kuwa lina maana mbili. Ukungu wa Lushoto asubuhi ni vitone vya maji. Ukitanda kwenye kioo, pangusa, umekwisha. Ukungu wa mkate ni kuvu, na kuvu huota hata ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini kwenye unyevu wa pwani. Nikawasha tochi ya simu, nikachungulia: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, katikati ya vioo, kitambaa kisikofika.

“Huu ni kuvu,” nikamwambia. Akacheka, akapunguza bei. (Sikununua.)